Sindano Isiyopimwa ya Juujuu

Namna Sikudhani alivyofika nchi ya Juujuu haistahili kutupotezea wino. Alitembea, akachoka, akafika. Anayependa habari za mito iliyofurika na simba waliolala njiani amtafute msimulizi mwingine. Huyu ana haraka ya kufika penye kero, maana tangu hapo mpaka mwisho ni kero tupu.

Ila kwanza tujue alichokifuata. Kwao, katika mji wa Kisimachungu, maji yalikuwa na sumu isiyoonekana kwa macho. Ukiyanywa mwezi mmoja huoni kitu. Ukiyanywa miaka, meno yanageuka rangi ya chai, na ukiyanywa utotoni, mifupa inalegea na miguu inapinda. Mama yake Sikudhani ndiye aliyegundua dawa yake, unga wa jiwe jeupe la mlima wa Kwedundo. Jiwe lilichomwa, likasagwa, likasagwa tena, mpaka chembe zake zikawa ndogo kupita kipimo cha jicho, na maji yakipitishwa katika unga ule yanaiacha sumu humo. Mama alikuwa akimweleza binti yake kwamba chembe haimezi sumu, bali huinasa kwa ngozi yake ya nje. Na kadiri unavyosaga ndivyo unavyopata ngozi nyingi zaidi. Ni kama kitunguu: kizima hakimlizi mtu, kikikatwakatwa kinaliza nyumba nzima.

Unga ule ulifanya kazi miaka mingi, kisha ukachoka. Maji yakawa yanaingia na sumu yake na kutoka nayo. Jiwe jeupe lilikuwa limekwisha mlimani, hivyo hapakuwa na la kusaga tena. Sikudhani, aliyeirithi kazi baada ya mama yake kufariki, alichukua konzi moja moja akaijaribu. Aliuosha kwa chumvi, akauosha kwa ndimu, akauchoma upya kwa moto mkali. Kila konzi iliharibika. Majivu hakuthubutu kuyagusa, kwa sababu mama alimwonya kwamba majivu hula unga. Akaona akiendelea kubahatisha atabaki na mapipa matupu. Alichohitaji ni mtu wa kumjibu swali moja: juu ya ngozi ya chembe hizi kuna nini?

Na swali hilo lilikuwa na jina. Siwatu, binti wa mdogo wake aitwaye Mwantumu, alikuwa ameanza kuyumba akitembea, magoti yakiachana kama watu waliogombana. Mganga wa mifupa aliyabonyeza yale magoti akasema bado mabichi. Akipata maji safi sasa, miguu itanyooka yenyewe. Mifupa ikishakomaa hivyo ilivyo, basi. Hilo "basi" ndilo lililomtoa Sikudhani nyumbani.

Sifa za Juujuu zilikuwa zimeenea kote. Ilisemekana kwamba watu wa huko wana Sindano yenye ncha nyembamba ajabu, inayoweza kupapasa chembe ndogo kuliko zote na kueleza ngozi yake ilivyo, bonde kwa bonde na kilima kwa kilima. Kwa hiyo Sikudhani alifunga unga kidogo katika kitambaa, akauchomeka kibindoni.

Langoni alikuta afisa aliyevaa glavu nyeupe na kofia yenye pembe mbili, ya kulia fupi kidogo kuliko ya kushoto.

"Umekuja kugusa au kuguswa?" afisa aliuliza.

"Nimekuja kuuliza."

"Hatuna mlango wa kuuliza, mama. Kuna mlango wa kugusa, ule pale, na wa kuguswa, huu hapa."

"Basi nina kitu nataka kiguswe."

"Wewe mwenyewe je? Umeshaguswa?"

Sikudhani alisema hapana, na hakupenda lilikokuwa likielekea neno hilo. Afisa akanyoosha kidole kimoja, akampitishia juu ya mkono wa gauni kwa adabu kubwa, akatikisa kichwa. "Gwaruzo kidogo begani. Si neno. Pita."

Aligundua upesi kwamba ndivyo wanavyosalimiana. Mtu hamwulizi mwenzake habari za nyumbani wala za moyo. Humpapasa mkono wa shati kwa kidole kimoja na kusema, "Uso je?" na mwenzake hujibu, "Una pembe zake." Kuuliza yaliyo ndani ya mtu ni utovu wa adabu. Hata mahakamani, kama Sikudhani alivyojionea siku ya pili, hakimu alimpapasa mshtakiwa, akampapasa mlalamikaji, akampa haki mwenye shati laini. Mlalamikaji alikuwa fundi wa chokaa, maskini, mwenye shati gumu. Aliondoka bila kunung'unika, akasema tu kwamba angeazima la shemeji yake.

Kila kitu mjini kilikuwa na pembe mbili. Mikate ilikuwa na pembe mbili, vizingiti vya milango pembe mbili, mihuri, vitasa, hata viota vya kuku vilivyofinyangwa kwa udongo. Na kila mahali pembe ya kulia ilikuwa fupi. Sikudhani alidhani ni urembo wa nchi.

Nyumba ya Sindano ilikuwa kilimani, na mlinzi wake alikuwa Mlezi Mkuu, Bwana Sahali, mzee mnene mpole mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kujibu maswali yote. Alimpokea Sikudhani kwa ukarimu, akampapasa mkono wa gauni, akamwonyesha chombo chenyewe. Na hapa, tuseme haki, Sikudhani alivutiwa. Sindano ilikuwa imesimamishwa kwenye ncha ya kijiti chembamba chepesi, mfano wa jani la nyasi. Ilipopita juu ya kilima kijiti kilipinda juu, ilipopita bondeni kikashuka. Mgongoni mwa kijiti palikuwa na kipande cha kioo, na mwali wa jua kutoka dirishani ulikipiga kioo kile ukaruka hadi ukutani. Sindano ikipanda kidogo hata jicho lisione, mwali ukutani hupanda shibiri nzima. Mchoraji mwenye mkaa hufuata mwali, mstari baada ya mstari, mpaka picha ya ngozi ya chembe inajaa ukuta.

"Mzee, huu ni ufundi," Sikudhani alisema, na alimaanisha.

"Ni urithi," Bwana Sahali akamsahihisha. "Sindano hii iliachwa na babu wa babu zetu. Haijawahi kubadilishwa."

Unga ulinyunyizwa juu ya kigae cha ulanga, lile jiwe laini lenye kung'aa, Sindano ikashushwa, mwali ukaanza kucheza. Sikudhani hakula mchana ule. Alisimama akitazama mkaa ukienda na kurudi, na ukuta ulipojaa aliona chembe za mama yake kwa mara ya kwanza maishani. Kila moja ilikuwa na pembe mbili, ya kulia fupi kidogo.

"Haya!" alisema kwa furaha. "Sasa pembe hizi zina maana gani?"

"Maana yake ni kwamba chembe zako ni nzima."

"Lakini zimechoka. Hazinasi kitu."

"Zina pembe zake zote mbili," Bwana Sahali alisema kwa upole. "Kitu chenye pembe zake zote mbili hakina kasoro. Njoo nikuonyeshe."

Akampeleka katika ukumbi mrefu wenye picha za vitu vyote vilivyowahi kupapaswa nchini: vumbi la bawa la nondo, masizi ya chungu, unga wa mtama, chavua ya boga, kutu ya jembe. Sikudhani alitembea taratibu kutoka picha hadi picha, na kadiri alivyotembea furaha ilimtoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Kutu ilikuwa na pembe mbili. Chavua ilikuwa na pembe mbili. Masizi yalikuwa na pembe mbili, ya kulia fupi kidogo.

"Bwana Sahali, vitu vyote hivi vinafanana."

"Ndiyo. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya maumbile. Tuliigundua sisi."

"Vumbi la nondo na kutu ya jembe?"

"Mwanzoni hata sisi tulistaajabu," mzee alisema.

Usidhani Sikudhani alikuwa mtu wa kukubali upesi. Alirudi kwenye chombo, akaomba mpapaso wa pili. Safari hii, kabla Sindano haijashuka, alikigeuza kigae cha ulanga, ubavu ukawa mbele. Aliwaza hivi: kama pembe ni za chembe, nikiigeuza chembe pembe nazo zitageuka. Ukigeuza ng'ombe, pembe haziwezi kubaki zikitazama kule kule. Mkaa ukaenda na kurudi, picha ikajaa. Chembe zilikuwa zimegeuka zote, hata mpangilio wake ulionekana umelala ubavu. Pembe zilikuwa pale pale, ndefu kushoto na fupi kulia.

"Umeona?" Sikudhani alisema, sauti ikimpanda. "Nimegeuza kigae, pembe hazikugeuka! Pembe si za chembe, mzee wangu. Ni za Sindano. Ncha yake imevunjika, zimekuwa ncha mbili, na kila inapokanyaga inaacha nyayo mbili. Mnajichora wenyewe!"

Bwana Sahali alitabasamu kama mtu anayemsikia mtoto akitukana bila kujua. "Pembe hazigeuki kwa sababu ya adabu, binti yangu. Hazimpi mgeni kisogo. Jambo hilo limeandikiwa vitabu."

Kuna hasira ya kupiga kelele na kuna hasira ya kukaa chini. Sikudhani alikaa chini, pale pale sakafuni, akajishika kichwa. Akilini alimwona Siwatu akivuka ua kwa kuyumba, na hapa mtu mzima mwenye akili anamwambia habari za adabu ya pembe.

Akashauriwa alifikishe shauri lake Barazani, nalo Baraza, kama alivyokuja kujua, lilikuwa na shughuli nyingine. Tangu enzi za mababu lilikuwa likijadili namna ya kuishusha Sindano. Chama cha Wakokotaji kilishika kwamba Sindano ikishagusa isiinuliwe, ikokotwe juu ya chembe mpaka mwisho. Chama cha Wadonoaji kilishika kwamba kukokota kunakwaruza, na kwamba Sindano yapasa idonoe kama kuku, itue na kuinuka, itue na kuinuka. Watu waliachana kwa sababu hiyo. Mchumba wa kike alipeleka wazee kwa mchumba wake kuuliza kama ukoo wao unakokota, na arusi ikavunjika. Wala hakuna aliyewahi kushangaa kwamba wenye kukokota na wenye kudonoa, kwa ugomvi wao wote, wamepata pembe zile zile.

Bwana Sahali alikuwa Mkokotaji. Kiongozi wa Wadonoaji alikuwa Bi Ndarakwa, mwanamke mrefu mkavu, anayezungumza kwa kugonga meza neno kwa neno. Siku Sikudhani aliposimama Barazani kuomba Sindano ibadilishwe, Bi Ndarakwa na Bwana Sahali walitazamana kwa mara ya kwanza bila chuki.

"Kwani hamna Sindano nyingine?" Sikudhani aliuliza.

"Tunazo," Bwana Sahali alisema. "Mafundi wetu hutengeneza kila mwaka. Bahati mbaya hazifai."

"Kwa nini hazifai?"

"Sindano njema sharti iwe na ncha moja. Ni sheria. Kwa hiyo kila Sindano mpya hupapaswa kwanza, kuhakikisha ncha yake."

"Hupapaswa na nini?"

"Na Sindano," Bwana Sahali alijibu, akishangaa kuulizwa. "Kuna nini kingine cha kupapasia? Na kila mpya inaonekana ina ncha mbili, ya kulia fupi. Basi tunazitupa shimoni. Inasikitisha. Mafundi wa siku hizi si kama wa zamani."

"Na Sindano ya zamani yenyewe? Nani aliipima?"

Kukazuka zogo. Mtu mmoja alilia machozi. Mwingine aliuliza kwa nini mgeni ana gwaruzo begani. Baraza likaahirishwa, likarudi, likaamua kwa wema mkubwa kumsikiliza mgeni. Moja ya Sindano mpya ikafukuliwa shimoni, ikapapaswa tena mbele ya wote, na mwali ukutani ukachora ncha mbili. Ikatupwa shimoni kwa makofi.

Sikudhani alitoka nje akaipiga teke ndoo iliyokuwa mlangoni, akaumia kidole. Hebu tuseme ukweli: ujinga wa mjinga unasameheka, maana anajua kwamba hajui. Ujinga uliojengewa nyumba kilimani ndio unaotia kichaa. Aliona wazi kwamba shimo lile limejaa Sindano nzima, kali, zenye ncha moja, na kwamba kosa pekee la Sindano hizo ni kukaguliwa na mbovu. Aliona pia kwamba kwa kuwaambia hivyo hatafika popote. Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga, lakini hawakusema umpishe kimya. Akabadili njia.

Kesho yake alimwendea Bi Ndarakwa nyumbani kwake.

"Bi mkubwa, nimesikia Wakokotaji wakisema jambo, sikulipenda."

"Wanasema nini?"

"Wanasema kudonoa si ufundi. Wanasema pembe mnazozipata ni kwa uwezo wa Sindano ya mababu. Mkipewa Sindano ya shimoni, mdonoe mpaka mchoke, hamtapata hata pembe moja."

Bi Ndarakwa aligonga meza. "Mimi nitatoa pembe hata kwa mwiba wa mchongoma!"

"Ndivyo nilivyowaambia," Sikudhani alisema, akainamisha macho.

Haukupita muda, Bi Ndarakwa alikuwa Nyumba ya Sindano akiwa na wafuasi wake na Sindano ya takataka mkononi. Bwana Sahali alikubali mara moja, kwa kuwa hakuna alichokipenda kama kumwona Bi Ndarakwa akiaibika. Sindano ya takataka ikafungwa kwenye kijiti, unga wa Kisimachungu ukawekwa chini yake, kazi ikaanza. Itue, iinuke. Itue, iinuke.

Mkaa ulianza kuchora, na ukumbi ukaanza kunong'ona. Pembe hazikuwepo. Chembe zilikuwa za mviringo, zimelala bega kwa bega, na juu yake, kutoka chembe hadi chembe, kulitandazwa utando laini usio na mkwaruzo, umezama kidogo penye nafasi kati ya moja na nyingine. Zilikuwa zimefunikwa gubigubi. Na Sikudhani aliona jambo jingine ambalo hakuna mwingine aliyelitazama, kwa sababu wote walikuwa wakitafuta pembe. Kila mara Sindano ilipotaka kuinuka, mwali ukutani ulishuka kwanza kabla ya kuruka juu. Kitu kilikuwa kikiivuta Sindano, kinaing'ang'ania, kisha kinaiachia kwa ghafla. Alikuwa amewahi kuhisi hivyo katika kidole chake mwenyewe, si mara moja wala mbili, kila alipoosha sufuria ya maandazi.

"Mafuta," alisema. "Ni mafuta!"

Hakuna aliyemsikia. Bi Ndarakwa alikuwa amevua kitambaa cha kichwani na kuifunika picha, kama mtu anavyomfunika aliye uchi njiani. "Haina pembe," alisema, sauti imekauka. "Haina hata moja."

Bwana Sahali, aliyekuja kucheka, hakucheka. Alikwenda akamshikia upande wa pili wa kitambaa. Mkokotaji na Mdonoaji walisimama pamoja wakiificha picha ya kwanza ya kweli kuchorwa katika nchi ile, na watu wa vyama vyote viwili waliangua kilio kwa kuguswa na umoja huo. Ikaazimiwa papo hapo kwamba picha ifutwe kwa chokaa na siku ile iwe sikukuu ya upatanisho.

Sikudhani alijaribu mara moja tu. "Bwana Sahali, umeiona kwa macho yako."

Mzee alimgeukia. "Binti yangu," alisema taratibu, "nikiiona hiyo, itabidi niache kuiona kila picha niliyoichora tangu ujana wangu." Kisha akamkabidhi majibu rasmi kwa mikono miwili, picha ya chembe zenye pembe, yenye muhuri wa nchi: chembe ni nzima, hazina kasoro yoyote. Afisa wa langoni alimpapasa bega akamtakia safari laini.

Njiani Sikudhani aliwaza mafuta yametoka wapi, na hakuwaza sana. Zamani unga ulikaa katika mitungi ya udongo. Kisha Kamati ya Maji ya Kisimachungu ikaona mitungi ni ushamba, ikaleta mapipa ya bati kwa sherehe na hotuba. Mapipa yale yalikuwa yamewahi kubeba mafuta ya alizeti. Yalisuuzwa, ndiyo, na waliosuuza walikuwa watu wa kamati.

Alipofika nyumbani hakumwambia mtu. Alichuja maji ya majivu, akayapoza makali kwa kuyachanganya na maji mengi ili yasile unga kama mama alivyoogopa, akaosha konzi moja. Juu ya bakuli kukaelea macho madogo ya mafuta yaking'aa. Akaosha tena, akasuuza, akaanika. Kisha akapitisha maji ya kisima katika konzi ile, akayajaribu kwa majani ya mkuyati kama mama alivyomfundisha, majani ambayo hugeuka njano penye sumu. Yalibaki ya kijani. Hapo Sikudhani alilia, kwa uchovu kuliko kwa furaha.

Sikudhani alipopeleka habari, Kamati iliketi chini ya bati la jengo lake, mji mzima umekuja. Mwenyekiti Shebughe, mtu wa suti hata jua likiwaka, aliipokea picha yenye muhuri, akaiinua juu watu waione.

"Ndugu wananchi! Wataalamu wa Juujuu wamesema. Unga wetu hauna kasoro. Na kama unga hauna kasoro, maji nayo hayana kasoro. Namshukuru Bi Sikudhani kwa kutuletea habari hizi njema."

"Mwenyekiti, picha hiyo ni ya uongo," Sikudhani alisema. "Sindano yao mbovu. Mimi nimeona ya kweli. Unga umefunikwa na mafuta ya yale mapipa. Nimeosha konzi moja kwa maji ya majivu, na inanasa sumu kama zamani."

"Picha hiyo ya kweli iko wapi?"

"Waliifuta."

"Ina muhuri?"

"Nimekwambia waliifuta!"

"Kwa hiyo," Shebughe alisema akiwageukia watu, mikono wazi, "tuna picha yenye muhuri, na tuna maneno. Halafu mapipa, ndugu zangu, yaliletwa kwa azimio la kamati. Azimio halina mafuta." Wajumbe walicheka, na mmoja akapendekeza picha itiwe fremu.

Sikudhani aliwatazama. Wajumbe walikuwa wale wale aliokua nao, hakuna hata mmoja mwenye kofia ya pembe, na bado alisikia Juujuu yote ikisema kwa midomo yao. Hasira yake ilikuwa imekwisha kupita kelele. Alikwenda kwenye pipa la kamati lililokuwa pembeni, akajaza glasi kwa maji yaliyopita katika unga ule usio na kasoro, akaiweka mezani mbele ya Shebughe.

"Kunywa, Mwenyekiti."

Shebughe aliitazama glasi. Akarekebisha tai. Akasema wakati wa viburudisho bado. Akapeleka macho kwa katibu, katibu akapeleka macho kwa mweka hazina, na mweka hazina akaanza kutafuta kitu mfukoni. Kila mtu mjini alijua kwamba nyumbani kwa Shebughe wananywa maji ya mvua kutoka kwenye tangi lenye kufuli.

Mwantumu aliinuka, Siwatu akiwa ameshikwa mkono. Mtoto alitembea naye hadi mezani, mguu mmoja ukitupwa nje kila hatua, na watu wakatazama pembeni kama walivyozoea. Mwantumu aliichukua glasi akaimwaga chini, taratibu, mpaka tone la mwisho.

"Dada," alimwuliza Sikudhani, "umesema ni mafuta?"

"Ni mafuta."

"Mafuta ya kupikia?"

"Ya kupikia."

Mwantumu aliwageukia wanawake waliokaa nyuma. "Jamani, mmesikia? Miguu ya watoto wetu inapinda kwa kitu tunachokisugua kila siku baada ya chakula."

Hakukuwa na azimio. Mmoja aliinuka, akafuatwa na wa pili, wakaliviringisha pipa la kwanza hadi nje, na wengine wakakimbilia majikoni kuzoa majivu. Shebughe alipaza sauti kuuliza nani ameruhusu, akagonga meza, akaitisha kura. Wajumbe walinyoosha mikono, na hoja ikapita bila kupingwa kwamba unga hauhitaji kuoshwa. Nje, Siwatu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, miguu yake miwili mbele yake, akisubiri maji.